Sikudhani Ananipeleka Hospitali

Usiku wa jana niliota ng'ombe wangu amenifunga kamba shingoni, ananipeleka hospitali ya mifugo.

Sikushangaa. Nilichoona ni kwamba kamba ni fupi, nikamwambia.

"Sikudhani, legeza kidogo."

"Ndiyo hii hii unayonifunga mimi," akajibu, akaendelea kupanda mlima.

Niwaeleze kwanza mliokuwa hamnijui. Mimi ni Navoneiwa, bibi wa miaka sabini na mitatu, nakaa huku juu Upareni na ng'ombe mmoja. Shule niliishia la nne, na hilo la nne lenyewe nililikaa miaka miwili kwa sababu nilipenda dawati langu. Sikudhani ndilo jina la ng'ombe wangu, na ni ng'ombe kweli, si wa ndotoni. Ni mweusi, ana doa jeupe kwenye paji kama mtu aliyechungulia kwenye pipa la unga. Ana mimba ya miezi saba.

Na kweli alikuwa anaumwa. Leo kulipokucha ilikuwa siku ya nne hali kitu, hacheui, ubavu wa kushoto umevimba, ukiugonga unalia kama ngoma. Daktari Yonazi wa hospitali yetu ya mifugo alikuja juzi, akaja tena jana. Jana jioni aliweka sikio ubavuni, halafu akasema:

"Bibi, kama kuna kitu amemeza, inabidi nimfungue nikitoe. Lakini siwezi kumpasua ng'ombe mwenye mimba kwa kubahatisha. Na kesho jioni tutakuwa tumechelewa, atakwenda yeye na ndama wake. Hebu niambie, amekula kitu gani kisicho chakula?"

Nilimjibu. Jibu langu mtalikuta mbele, halijakimbia.

Basi niko kwenye ndoto, nina kamba shingoni.

Hospitali yetu mimi naijua. Ni vyumba viwili na ukumbi, bati limepigwa rangi ya kijani mbele tu, nyuma rangi iliisha. Nje kuna kizimba cha mbao cha kumbania ng'ombe anayepiga mateke. Katika ndoto imekuwa kubwa. Ukumbi unaanza mlangoni na mwisho wake hauonekani, na paa liko juu sana, mbayuwayu wanaruka mle ndani na wingu dogo limepotea njia linatafuta dirisha.

Ukutani kuna lile tangazo letu la siku zote: KILA MGONJWA AFUNGWE KAMBA. KILA MGONJWA AJE NA MWENYEWE. Na kweli kila mgonjwa amefungwa kamba. Foleni nzima ni watu. Wanaoshika kamba ni mbuzi, mbwa, punda, na kuku mmoja aliyemfunga mwalimu mstaafu mguu, kamba ameishika kwa mdomo.

Mbele yangu yuko jirani yangu Mama Eliwaza. Amefungwa na yule beberu wake mwenye ndevu nyekundu.

"Navoneiwa, na wewe?" ananiuliza.

"Na mimi. Wewe una nini?"

"Kwato. Anasema zimekuwa ndefu, nazurura." Ananisogelea. "Umeshachanjwa kichaa lakini?"

"Kwangu walichelewa," nikamwambia.

Tukacheka. Beberu akavuta kamba, Mama Eliwaza akanyamaza. Miaka arobaini nimetamani mtu wa kumnyamazisha yule mama, kumbe alikuwa bandani kwake.

Tukafika mapokezi. Pale kwa kawaida anakaa Bi Nuruana, mwenye miwani ya kamba na sauti ya kukatisha tamaa. Katika ndoto ni bata mzinga. Miwani ni ile ile. Sauti ni ile ile. Hata sikupata shida kumtambua.

"Shikamoo, Bi Nuruana," nikasema, japo mimi ni mkubwa kwake. Mtu ukiwa na kamba shingoni unaamkia kila mtu.

Bi Nuruana akamwangalia Sikudhani. "Mgonjwa hasemi," akasema. "Mwenyewe aeleze. Jina?"

"Navoneiwa," akajibu Sikudhani.

"Umri?"

"Sijui vizuri, nimemkuta. Lakini meno yamebaki sita."

"Saba," nikasema.

"Mgonjwa hasemi," akarudia Bi Nuruana, akaandika sita. "Jike au dume?"

"Jike. Ameacha kuzaa."

"Mpole au mkali?"

"Asubuhi mpole. Akishakunywa chai hasogelewi."

"Ana pembe?"

Sikudhani akafikiri. "Za mdomoni," akasema.

Bi Nuruana akaandika. Nikataka kukasirika nikaona ni kweli. Ndipo nikagundua jambo: kumbe huwa ndivyo ninavyomsema yeye. Miaka sita nimesimama kwenye meza ile nikitaja meno yake, hasira zake na haja zake mbele ya watu, naye amesimama pembeni na kamba yake, ananitazama.

"Tatizo?"

"Kula anakula vizuri," akasema Sikudhani. "Ila tangu Jumatatu amemeza kitu hakijarudi. Hacheui."

"Kitu gani? Amekula nini kisicho chakula?"

Mbayuwayu wakasimama hewani bila kupiga mabawa. Sikudhani akageuza kichwa, akaniangalia kwa lile jicho lake kubwa, nikajiona mle ndani, mdogo, na kamba yangu.

"Majani tu," akasema. "Majani na pumba kidogo."

Alisema kwa sauti yangu. Maneno ni yangu, na kile kikohozi cha katikati ni changu. Hilo ndilo jibu nililompa Daktari Yonazi jana jioni.

Ng'ombe yule alinitetea. Anakufa, na bado akanitetea kwa uongo wangu mwenyewe.

Sasa niwaambie ukweli wenyewe, maana katika ndoto sikuweza kuusema, ulikuwa umekwama. Mwaka juzi mtamba wa jirani yetu mmoja alikufa, na Daktari Yonazi alipompasua alikuta mifuko ya nailoni imejisokota tumboni kama kabichi. Hospitali ikaita mkutano. Ikaundwa kamati ya kukusanya mifuko kijiji kizima, na mwenyekiti nikachaguliwa mimi kwa kuwa nina sauti. Nilipita nyumba kwa nyumba. Mama Eliwaza nilimtoa mifuko minne uvunguni mbele ya wageni wake. Nilisimama mbele ya watu nikaapa kwamba kwangu hamna hata mmoja.

Nilikuwa nayo kumi na miwili, chini ya godoro. Ya buluu, ile ya zamani, mizito, yenye mikono. Mifuko ile haipatikani tena. Mtu gani mwenye akili angeitoa?

Jumapili iliyopita nilibebea mmoja chumvi ya Sikudhani. Nikautundika kwenye msumari bandani, nikaitwa na jirani, nikasahau. Jumatatu asubuhi kwenye msumari kulikuwa na mikono miwili ya mfuko. Mikono peke yake. Nikaichukua nikaitia jikoni ikaungua, na neno nikalimeza.

Haya. Tunarudi kwenye ndoto.

"Apimwe," anasema Bi Nuruana.

Napandishwa kwenye mizani ya ndama, ile ya ubao. Mizani inaguna.

"Kilo hamsini na mbili," inasema. "Hamsini na moja ni za bibi. Moja si yake."

"Ya nani?" anauliza Sikudhani.

"Mimi ni mizani, mama. Uzito nausema, udaku siuwezi."

Kipimajoto nacho kiko pale kwenye kikombe chake, kinaangalia pembeni kwa aibu ya kule kinakoingizwaga. Nikakiambia usijali mwanangu, hapa tumekwisha kuzoeana. Kikashukuru, kikasema joto langu kitalikadiria kwa macho tu.

Tunaingia kwa daktari. Daktari Yonazi ni yule yule, mwembamba, na kalamu nyuma ya sikio, ila ana miguu minne na kila mguu una buti lake. Amesimama vizuri zaidi kuliko siku zote. Ananiwekea kile chombo cha kusikilizia ubavu wa kushoto.

"Humu kuna neno," anamwambia Sikudhani. "Limekaa tumbo la pili. Lilitakiwa kurudi mdomoni likatafunwe, halikurudi. Linaziba."

"Litatoka?"

"Mwenyewe alitoe. Sisi hatumpasui mtu kwa kubahatisha." Akaita, "Glovu! Mpeleke akaone."

Ile glovu yao ndefu, ya rangi ya chungwa, inayofika mpaka begani, ikashuka kwenye msumari wake. Ikasimama kwa vidole.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mkono sikupi, bibi, unajua mwenyewe ninakopitaga."

"Najua, baba. Kaa nao."

"Nifuate. Kichwa chini mlangoni."

Nikainama, nikapita mlango wa stoo ya dawa. Nilipoinua kichwa si stoo.

Nimekaa nikitafuta namna ya kuwaambia nilichokiona. Niko ndani ya Sikudhani.

Ni pakubwa. Makanisa nimeingia mengi, na msikiti wa mjini niliwahi kuchungulia, lakini sijaona chumba kama kile. Kuta zina manyoya mafupi laini kama zulia, zinapumua. Juu kabisa kuna mwanga mwekundu, kama ukifumba macho ukaliangalia jua. Na majani yanashuka. Yanaanguka taratibu kutoka juu, mabingobingo niliyoyakata mimi kwa mundu wangu, na majani ya ndizi niliyoyabeba kichwani mwezi uliopita nikilalamika njia nzima. Hapa hayana uzito. Yanashuka kimya, yakigusa chini yanageuka, na huko chini kuna vumbi hai, vidudu vidogo vidogo visivyohesabika, kila kimoja kinafanya kazi na hakuna anayekisimamia.

"Hawa wote ni wafanyakazi?" nikauliza.

"Wa hapa," glovu ikasema. "Zamu ya mchana."

"Na moyo uko wapi?"

"Nyamaza utausikia."

Nikanyamaza. Nilidhani ni mlima unatembea. Dum. Halafu kimya, mpaka unadhani basi. Dum. Kila ukipiga, majani yote yanasimama kidogo hewani halafu yanaendelea kushuka. Nikavua kilemba. Sijui kwa nini nilivua. Ni kama vile mtu amekuambia hapa patakatifu, na hakuna aliyesema.

Miaka sita namkamua mtu huyu. Nimempiga fimbo akichelewa kusimama. Na wakati wote huu alikuwa amebeba nyumba hii.

"Tembea, bibi. Sikia hapo, moyo unachelewa."

Nikasikiliza. Kati ya dum na dum kimya kilikuwa kinarefuka. Na majani ya huku mbele yalikuwa hayashuki tena. Yamesimama, yamechacha, na wale vidudu wamekaa chini kama watu walioambiwa leo hakuna kazi wala kesho hamna. Mmoja akaniangalia. Hakunilaumu. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Tukafika kwenye mlango wa tumbo la pili, lile ambalo wachinjaji wanaliita taulo kwa vile limefumwa vyumba vyumba. Mlango umezibwa. Kitu kimetandazwa mlango mzima, kinang'aa, buluu, kimekazwa na kunyooka bila kunjo. Mikono hakina. Pale mikono ilipokatika pananing'inia nyuzi mbili.

"Unakifahamu?" glovu ikauliza.

"Macho yangu mabovu," nikasema.

Glovu ikakunja vidole, ikakaa ngumi.

Ndipo nikasikia mtu anagonga. Si mlangoni, ubavuni, nyuma ya ukuta wa kulia. Ko, ko, ko. Ukuta ukawa mwembamba kama pazia la kitenge, na nyuma yake kuna maji, na ndani ya maji amekaa ndama.

Amekunja miguu vizuri kama mtu anayesubiri zamu. Mweusi. Doa la paji hana. Kwato zake bado ni laini, za njano kama jibini. Macho ameyafumba, lakini alikuwa ananiona.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Nimeamkiwa na watoto na wajukuu na wanafunzi wa shule tatu. Hakuna shikamoo iliyowahi kunitoa jasho kama ile.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, ila hewa inakuwa kidogo. Wewe ndiye mwenye sauti?"

"Sauti ipi?"

"Ile ya asubuhi. Inasema, simama wee mvivu. Halafu inaimba."

"Ndiyo mimi," nikasema, nikatazama chini.

"Naipenda ikiimba. Baba yangu yukoje?"

Hapo nilijikuna. "Baba yako, mwanangu, alikuja kwa pikipiki. Alikuwa ndani ya mtungi wa baridi unaotoa moshi, kwenye kamrija kadogo hivi. Akakaa dakika tano akaondoka. Chai hakunywa."

"Ni mkubwa?"

"Kwenye picha ni mkubwa sana."

Akaridhika. Glovu ikakohoa ikaangalia juu.

"Bibi," ndama akasema, "nilitaka kukuuliza. Mama ananisimuliaga usiku. Anasema nikitoka nitakuta majani yako chini, yamesimama, hayaanguki. Na juu ya kila kitu kuna kitu cha buluu, kikubwa, kimefunika wote. Anasema kinaitwa mbingu." Akageuza kichwa kule mlangoni, macho yamefumba. "Ile pale ndiyo mbingu?"

Dum, ukapiga. Halafu kimya. Nikasubiri upige tena.

"Maana kama ndiyo yenyewe," akasema taratibu, "siyo nzuri sana. Tangu ije, mama hali kitu."

Nikafungua mdomo kusema sijui. Sijui ni neno jepesi, nimelitumia maisha yangu yote, halijawahi kunigomea. Likagoma. Nikajaribu kusema majani tu. Likagoma nalo. Kitu kikapanda kutoka tumboni, kigumu, kichungu kama dawa ya minyoo. Kikafika kooni. Mara ya kwanza nikakirudisha. Mara ya pili nikakirudisha. Na moyo bado haujapiga.

Mara ya tatu kikafika mdomoni, nikakitafuna kwa meno yangu saba.

"Si mbingu," nikasema. "Ni mfuko."

"Wa nani?"

"Wangu."

Dum.

Majani yote mle ndani yakatikisika. Nikalia hapo hapo, mwanamke mzima, mwenyekiti, kilemba mkononi, mbele ya glovu.

"Mbingu ni kubwa zaidi," nikamwambia ndama. "Haina mwisho wala haizibi mtu. Utaiona. Nakuahidi utaiona."

"Basi waambie wa nje," akasema. "Mimi humu hawanisikii. Mama naye hatasema, anakuonea huruma."

"Nitasema."

"Wengi huahidi, bibi. Huyu glovu ameniambia."

"Mimi sikutaja majina," glovu ikasema haraka.

"Niachie kitu. Rehani. Ukishasema, nami nikatoka, nitakurudishia."

Nilikuwa sina kitu. Nina gauni, kilemba, na sweta langu la kahawia ambalo nalala nalo kwa baridi ya huku. Akasogea. Ukuta ule mwembamba ukaja naye, ukanigusa kifuani wa moto, na midomo yake ikapapasa vifungo kimoja kimoja kama ndama anayetafuta chuchu. Akakipata cha pili kutoka juu, kile cha kijani kisichofanana na wenzake. Akakivuta. Uzi ukakatika, nikausikia.

"Kina chumvi," akasema na kifungo mdomoni, akatabasamu, na meno hana.

Glovu ikanipungia. Mkono haikunipa mpaka mwisho.

Ndipo kamba ya shingoni ikavutwa nyuma kwa nguvu, nikapita ukumbini nikiruka ruka, nikamwona Mama Eliwaza juu ya meza ananolewa kucha za miguu kwa tupa, anapiga kelele, Bi Nuruana anaandika, "Mkali." Nikaanguka.

Nikaamka.

Kumekucha. Jogoo wa Mama Eliwaza anawika, ukungu uko dirishani, kilemba changu kimefungwa kwenye mkono badala ya kichwa. Nikakaa kitandani. Nikajiambia, Navoneiwa, ile mihogo ya jioni uiache.

Halafu nikajishika kifuani. Kifungo cha kwanza kipo. Cha tatu kipo. Cha pili hakuna.

Nilitafuta kwenye shuka. Nilitafuta uvunguni. Niliinua godoro, nikaikuta mifuko kumi na mmoja imelala kimya, inaniangalia. Kifungo hakuna. Pale kilipokuwa umebaki uzi mfupi. Nikaushika. Umelowa, una ute wa kijani. Nikaunusa: mabingobingo yaliyotafunwa.

Sikuvaa hata viatu. Nikachukua simu nikapiga.

"Shikamoo, bibi," Daktari Yonazi akasema. Nilimsikia anakunywa chai. "Vipi, amekufa?"

"Marahaba. Hajafa. Daktari, umekaa?"

"Nimekaa."

"Wa buluu. Mfuko. Wa nailoni, mkubwa, mikono imebaki nje. Ulikuwa na chumvi. Amekula Jumatatu." Nikavuta pumzi. "Ulikuwa wangu. Na mingine kumi na mmoja iko hapa nyumbani."

Nikasikia kikombe kinawekwa mezani.

"Mwenyekiti," akasema.

"Ndiyo mimi."

"Chemsha maji. Mengi. Usimpe kitu chochote. Nakuja na Nuruana."

Walikuja na pikipiki mbili. Glovu ilikuwa ndani ya mkoba, imekunjwa. Nikaiamkia, Bi Nuruana akanitazama juu ya miwani. Walimnyoa Sikudhani ubavu wa kushoto mraba kama daftari, wakamchoma sindano za ganzi. Alisimama mwenyewe, hakurusha hata teke moja. Nilishika kamba. Niliilegeza. Mama Eliwaza alikuwa amekuja kuangalia, na nilimwambia yeye na kila aliyesimama kwenye ua, kwa sauti yangu ile iliyonipa uenyekiti, mfuko ni wa nani na umetoka wapi. Mama Eliwaza alifungua mdomo. Akaufunga. Hakukuwa na beberu aliyemvuta.

Daktari alimpasua hapo aliponyolewa, akaingiza mkono mpaka bega. Akafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Akautoa polepole, buluu, unadondosha maji, mrefu usiokwisha, na Sikudhani akashusha pumzi moja ndefu iliyonyanyua kanga yangu.

"Umewahi," daktari akasema. "Ingekuwa jioni, tungekuwa tunaongea mengine. Wiki mbili hizi bado nitakuja kila siku, lakini umewahi." Akaweka kiganja upande wa kulia, chini. "Na huyu hapa anapiga. Msikie."

Nikaweka mkono. Ko, ko, ko.

"Mle ndani," nikamuuliza, "hujakuta kifungo?"

"Kifungo gani?"

"Cha kijani. Cha sweta."

Akamwangalia Bi Nuruana. Bi Nuruana akaandika kitu kwenye fomu, nadhani ni kuhusu mimi.

"Hapana, bibi. Nimepapasa kote. Kingekuwepo ningekiona."

Sasa ni alasiri, naandika nimekaa kwenye ndoo bandani. Mifuko kumi na mmoja ameondoka nayo daktari, uenyekiti amepewa Mama Eliwaza, na ameanza kwa kuja kukagua uvungu wangu. Sikudhani amesimama na nyuzi zake ubavuni. Muda si mrefu koo lake limecheza, kitu kimepanda, taya likaenda kushoto, likaenda kulia. Anatafuna. Macho ameyafumba nusu. Nimemwimbia kidogo.

Mjukuu wangu wa kike ameniletea sindano, uzi na kifungo cheusi, anasema bibi utaugua kifua, ngoja nikushonee.

Nimemkatalia. Nimemwambia kifungo changu kipo, kiko kwa mtu, na ni mwaminifu. Ni miezi miwili tu.